Jumamosi tunaoka pai ya mboga ya Kifaransa

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa nne asubuhi tukutane kwangu Shangani, tuoke ile pai ya wazi ya mboga. Huko kusini mwa Ufaransa huipika sana Julai na Agosti, kiangazi chao, bilinganya na nyanya zikiwa zimejaa sokoni.

Unga na siagi ninavyo: gramu 250 za unga kwa 125 za siagi. Siagi italala kwenye friji, maji yawe ya barafu. Kwa joto hili la Mtwara ukizubaa kidogo inageuka mafuta mkononi. Mara ya mwisho ganda lilitoka gumu kama kigae, kosa langu, nilikanda mno.

Wa Mikindani leteni bilinganya nyembamba na nyanya ngumu. Yale mabilinganya manene yaacheni, vipande visipolingana upana umbo la ua juu ya pai halitokei. Tunakata vyembamba kama sarafu, tunatia chumvi, baada ya nusu saa tunafuta maji yote. Kisha tunapanga kuanzia ukingoni kuja katikati, kimoja kikilalia kingine kama magamba ya changu. Chini Wafaransa wengi hupaka haradali. Mimi nitamwaga korosho zilizosagwa, zinafyonza maji vizuri.

Ganda linatangulia ovenini dakika 15, nyuzi 200, juu yake maharage makavu lisivimbe. Umeme ukikatika, mkaa juu na chini kama kawaida.

Anayekuja aandike hapa kabla ya Ijumaa jioni. Na mje na visu vikali jamani, mimi ninavyo viwili tu.