Jamu ya Nairobi haingoji digrii 105

Mhariri,

Kwanza hongera kwa ule ukurasa wa mapishi wa wikendi, sisi nyumbani tunaufungua kabla hata ya siasa. Lakini ile ya rasiberi mliyochapisha juzi imenifanya nishike simu nikaandika, manake kuna mahali imepotosha watu na haya matunda si bei ya ndizi, mtu akitupa kikopo kimoja cha gramu 125 anasikia uchungu kweli.

Mmesema ukifika nyumbani uzioshe zote ndio uweke kwa friji. Hapana jamani! Rasiberi ikichumwa ule moyo wake mweupe hubaki kwenye mti, ndio maana ndani ina shimo, na ukimwagia maji yanaingia kwa hilo shimo yanakaa humo hata upanguse nje namna gani, basi ukungu umepata makao. Ule wa kijivu wenye manyoya unaitwa Botrytis na hauogopi friji, baridi inaupunguza mwendo tu. Ziweke kavu vile zilivyo. Toa yoyote iliyoshika ukungu pamoja na zile zilizogusana nayo, zilizobaki tandaza safu moja kwa kikontena kipana chenye tishu ya jikoni chini, usifunge kabisa, alafu weka ndani ya friji nyuma huko, si kwa mlango ambao watoto wanaufungua kila saa wakitafuta soda. Siku mbili tatu basi, zikizidi hapo usilaumu mtu. Osha zile unakula saa hiyo.

Na sisemi watu wasioshe. Mwaka 1996 huko Marekani na Kanada zaidi ya watu 1,000 waliharisha wiki kwa wiki kwa sababu ya kimelea kinaitwa Cyclospora, na uchunguzi ukafika kwa rasiberi mbichi zilizotoka Guatemala. Hicho kimelea hata maji ya bomba hayakitoi chote, tunda lenyewe lina vinyweleo na mikunjo mingi. Kwa hivyo kama ni za mtoto mdogo au mama mjamzito mimi ningezipika tu, na zile za kugandishwa kutoka nje ya nchi zichemke dakika moja nzima kabla hazijaingia kwa smuthi ya mtu.

Kuhusu kununua hamkusema kitu, na huko ndiko watu wanaibiwa. Geuza kikopo uangalie chini. Kama ile karatasi imelowa wekundu rudisha, za juu siku zote ndizo nzuri. Alafu mjue rasiberi haiivi nyumbani, hata ukiifunga kwa gazeti lenu vile tunafanya na avokado, iliyochumwa ikiwa kali inabaki kali, labda rangi ndio itakolea kidogo. Kuna supamaketi moja mtaani kwetu, jina silitaji, wanazipanga karibu na keshia nje ya friji ati zionekane, saa nane mchana zimeshaanza kulia maji na bei haijashuka hata bob. Afadhali soko la City Park unaongea na mwenye kuuza, unamuuliza zimeingia lini, akisitasita unajua.

Sasa jamu, hiyo ndiyo imenileta. Mmeandika ipikwe mpaka kipimajoto kisome 105. Hiyo ni ya mtu wa Mombasa! Huko chini maji yanachemka kwa 100 na jamu inashika ikiwa digrii nne au tano juu ya hapo, kwa sababu saa hiyo maji yamepungua na sukari imefika kiwango chake. Sisi Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwa karibu 94, kwa hivyo jamu yetu imekuwa tayari kwa 98 au 99, na mtu wa Nyahururu ni chini zaidi ya hapo. Ukisimama kwa jiko ukingoja 105 unaendelea tu kukausha, ule wekundu unageuka kahawia, harufu ya tunda yote inaishia hewani, na ikipoa inavutika kama gundi ya fundi viatu. Mwenye kipimajoto akitie kwanza kwa maji yanayochemka jikoni kwake, asome, aongeze nne au tano, basi hiyo ndiyo namba yake. Asiye nacho aweke kisahani kwa friza, adondoshee jamu kidogo, asubiri ipoe, aisukume kwa kidole, ikikunjamana juu azime moto.

Nusu kilo ya rasiberi kwa nusu kilo ya sukari na maji ya nusu limau inatosha, hakuna haja ya ile pektini ya pakiti (ya kugandisha jamu) mliyotaja. Ponda matunda yachemke kwanza yalainike, ndio utie sukari, iyeyuke polepole, alafu moto mkali. Kipimo kidogo hivyo ni dakika chache, si zile arobaini zenu. Na isiwe sufuria ya kawaida ya aluminiamu manake ukali wa tunda unaila na ladha inakuwa ya bati, tumia ya stenlesi.

Najua nusu kilo ni vikopo vinne na hakuna mtu ana pesa ya kuchezea hivyo kwa mkupuo. Mimi zile zinazoanza kulegea (kulegea, si kuoza) nazipanga kwa trei kwa friza zisigusane, zikishakuwa ngumu naingiza kwa mfuko, mpaka zitoshe. Zikiyeyuka hazina umbo tena lakini kwa jamu nani anauliza umbo. Au unazichemsha na sukari kidogo unazikamulia kwenye chujio la chai mbegu zibaki, unamwaga juu ya maziwa lala au chapati za maji. Kwa keki zitie zikiwa bado barafu, na kama unga una bekingi soda weka na maziwa lala, la sivyo kila tunda litazungukwa na duara la bluu wageni waogope kula.

Naomba hiyo ya digrii muirekebishe kabla ya wikendi, jirani yangu alikata ule ukurasa akabandika kwa friji na sukari ameshanunua.

Msomaji wenu,
Lang'ata, Nairobi