Na wale 45 wa Shamba la Bibi mbona hamjawataja?

Mhariri,

Mi nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, nasoma tu naendelea na shughuli zangu, ila habari yenu ya kumbukumbu ya msiba wa hayati Magufuli imeniuma nikashindwa kukaa kimya. Safari yote ya jeneza mmeieleza, Dar, Dodoma, Zanzibar, Mwanza mpaka Chato alikozikwa Machi 26, 2021, mizinga 21 ipo, kinamama waliotandika kanga barabarani wapo. Watu 45 waliokufa kwa kukanyagana Uwanja wa Uhuru, yaani Shamba la Bibi, hawana hata sentensi moja.

Watu 45 mhariri, na watano ni familia moja! Mi ile Jumapili ya Machi 21 nilikuwepo pale Shamba la Bibi na mtoto wa dada yangu, nilimpenda yule mzee na nilitaka nimuage kama watu wengine, tukafika karibu na geti watu wamejaa mpaka mikono huwezi kuishusha, walioko mbele wanaambiwa rudini nyuma na huku nyuma watu ndo wanazidi kuja, sasa utarudi wapi? Mtoto akaanza kuniambia mjomba sipumui, nikambeba juu, kuna kaka mmoja simjui hata jina akamchukua akampitisha juu ya vichwa vya watu mpaka ukutani, na chini nakanyaga malapa na vitenge sijui vya nani, kuna mama alikuwa analia naomba nitoke, naomba nitoke, hakuna aliyeweza kumsogeza. Sisi tukatoka wazima. Idadi kamili tumekuja kuisikia mazishi yameshapita, watu wameshaanza kuongea habari za serikali mpya.

Na hii ya kumfanya raia asubiri bila kuambiwa kitu haiko misibani tu. Mechi kubwa geti moja ndo linafunguliwa, lingine lina kufuli. Msafara wa mkubwa ukipita mnasimamishwa juani na bajaji zenu, mgonjwa yumo ndani, ukiuliza unafokewa.

Kule Mwanza na Geita watu walijipanga kando ya barabara, gari likapita, wakaaga, wakarudi makwao. Basi siku nyingine ifanyike hivohivo na hapa Dar, jeneza lipitishwe taratibu Mandela, Kilwa Road, Morogoro Road, kila mtu aagie mtaani kwake, uwanjani waende wenye kadi. Na majina ya wale 45 yaandikwe ukutani kwa nje pale Uhuru, herufi kubwa za kusomeka na mtu aliyekaa kwenye daladala. Familia zao zipo na nyie waandishi mnao, anzeni kuwatafuta sasa hivi, msisubiri Machi nyingine.

Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam