Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: kati ya mzima na mgonjwa, tupo sisi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Karatasi nimeiweka juu ya kabati la nguo, kwa sababu nikikaa kitini zaidi ya robo saa kiuno kinakaza, na kunyanyuka kunakuwa kazi nyingine. Ukiona barua inarukaruka, ujue nimeiandika kwa vipande, leo kidogo, kesho kidogo.

Mimi ni mpakiaji wa mizigo ghalani. Huu ni mwaka wa 14. Kazi yenyewe haina siri: lori linaingia, tunashusha, lingine linaingia, tunapakia. Gunia letu la kawaida ni kilo 50. Siku ya kawaida yananipitia mgongoni magunia 300, siku yenye shughuli nyingi yanafika 400. Piga hesabu mwenyewe: ni tani 20, zinazopita juu ya pingili tano za kiuno cha mtu mmoja kabla jua halijazama.

Watu hupenda kuniuliza, "Uliumia lini?" Fomu ya madai ya kuumia kazini nayo inauliza hivyohivyo: tarehe ya ajali, saa, jina la shahidi. Tarehe sina. Sikuanguka, sikuangukiwa na kitu. Miaka sita iliyopita niliinama kuokota kalamu (kalamu, Mheshimiwa, si gunia) na sikuweza kuinuka. Nilibaki nimekunjika pale mbele ya meza ya karani, mkono mmoja umeshika goti, wenzangu wakidhani natania. Sasa shahidi wangu ni nani, kalamu? Fomu nikairudisha bila kujazwa.

Tangu hapo maumivu hayajaondoka, yanapungua na kurudi. Madaktari wakiona maumivu yamepita miezi mitatu huyaita sugu, na yangu yamepita miezi sabini. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Soksi nazivaa nikiwa nimelala chali, navuta goti moja hadi kifuani, halafu la pili, maana nikijaribu kuinama nikiwa nimekaa kitandani nahisi kama kuna mtu anapitisha waya wa moto kutoka kiunoni hadi nyuma ya paja. Chafya ikija nashika ukuta kwanza. Nikifika kazini nimeshatembea nusu saa, mwili umepata moto, na ukiniona pale getini huwezi kunitofautisha na wengine. Ndipo tabu yangu ilipoanzia.

Safari ya kwanza kwenda kutibiwa niliandikiwa dawa za maumivu na karatasi yenye maneno mawili: kazi nyepesi. Niliipeleka kwa msimamizi. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine, akanirudishia. "Hapa kuna kazi na kuna nyumbani," akasema. "Hiyo nyepesi mimi sijaletewa."

Sikumchukia, na mpaka leo simchukii. Alisema kweli. Katika ghala lile hakuna mtu aliyewahi kukaa akaandika kazi nyepesi ni ipi, nani aipewe, kwa wiki ngapi, na kwa malipo gani. Daktari aliandika jina la kitu ambacho hakipo. Basi niliikunja ile karatasi, nikaitia mfukoni, nikabeba gunia.

Barua yangu yote imesimama hapo, Mheshimiwa. Taratibu zetu zinawajua watu wawili tu: mzima, anayebeba kila kitu, na mgonjwa, anayelala nyumbani. Mimi si mmoja wao. Kilo 20 nabeba kutwa nzima bila shida. Kusukuma toroli naweza, kuhesabu mzigo naweza, kupanga safu za usawa wa kifua naweza. Nisichoweza ni kuinama kwenye safu ya chini kabisa na kunyanyuka na kilo 50 huku najipinda kuelekea kwenye lori. Kwa kuwa sina mahali katika hesabu yenu, kila asubuhi nachagua kuigiza uzima.

Kuigiza kwenyewe kuna ufundi wake. Nilijifunza kuwahi ili nichukue upande wa juu wa rundo kabla ya wengine. Nilijifunza kugeuka kwa miguu, nyayo kwanza, kiuno kifuate. Nina mwenzangu mmoja tunayeelewana bila maneno: akiniona nimeweka mkono kiunoni, anakuja kushika ncha ya pili ya gunia, tunahesabu moja, mbili, haya, linapanda. Lakini sisi tunalipwa kwa gunia, na kwa kundi. Dakika anayonisaidia mimi imetoka mfukoni mwake na mwa wenzake wanane. Hakuna aliyewahi kunitamkia hilo, na ndiyo maana linaniuma zaidi. Kwa hiyo nameza vidonge viwili kabla ya zamu, vingine viwili saa sita. Mwaka wa pili tumbo likaanza kuwaka, nikaambiwa dawa za aina ile zikitumiwa mfululizo huchubua tumbo. Nikawa na maradhi mawili.

Kwa kuwa usiku silali vizuri, nimesoma. Nilichokikuta kilinishangaza, maana nilidhani tatizo ni langu na ukoo wangu. Maumivu ya kiuno ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu waishi na ulemavu. Mwaka 2020 walikadiriwa watu milioni 619 wenye maumivu hayo. Na katika wagonjwa tisa kati ya kumi, au karibu na hapo, haionekani sababu moja unayoweza kuinyooshea kidole.

Hili la kutoonekana limenigharimu. Nilipopigwa picha ya mgongo niliambiwa hakuna kitu cha kutisha, ni uchakavu wa kawaida. Habari zikafika kazini kabla yangu: "Picha yake safi, huyu mvivu." Laiti wangejua kwamba picha haisemi kweli upande wowote. Kuna uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 50, asilimia 80 walikuwa na diski (ile mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa, nao hawahisi kitu. Kwa hiyo yupo mwenye picha mbaya anayecheza mpira, na yupo mwenye picha nzuri anayevaa soksi akiwa chali. Anayetaka kujua kama naumwa asitazame picha, anitazame naposhuka kwenye lori.

Kisha nikakutana na jambo lililonifanya nishike kalamu. Zamani mtu wa mgongo aliambiwa alale. Siku hizi ni kinyume. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mgonjwa aelimishwe aielewe hali yake, afanye mazoezi, asaidiwe na mtaalamu wa viungo, na hata asaidiwe kifikra, kwa sababu hofu ya maumivu nayo hukaza misuli. Kulala kitandani siku nyingi kunaudhoofisha mgongo. Kwa lugha yetu ya ghalani: mwili unataka kazi, ila kazi iliyopimwa. Ile kazi nyepesi ya daktari haikuwa huruma, Mheshimiwa. Ilikuwa dawa, kama vile vidonge. Mimi nilipewa vidonge, kazi nyepesi nikanyimwa.

Na mikanda je? Nilipolalamika kwa mara ya tatu tuligawiwa mikanda mipana ya kiuno, meusi, ya kukaza mbele. Siku hiyo tulipigwa picha. Mwongozo huohuo unasema mikanda ya aina hiyo isiwe tiba ya kawaida kwa wenye maumivu sugu. Na tangu mwaka 1994 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini ilishasema haipendekezi wafanyakazi wazima wavishwe mikanda hiyo kwa kuwakinga wasiumie. Toroli letu kubwa lilikuwa limevunjika gurudumu kwa miezi mitano wakati ule. Gurudumu halipigwi picha.

Tuje kwenye uzito wenyewe. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 127, unaosema mfanyakazi asitakiwe wala asiruhusiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya yake. Pendekezo namba 128 lililoandamana nao linataja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima, na kwa wanawake iwe chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Waajiri wetu wanaipenda sana hiyo 55. Gunia ni 50, wanasema, tuna akiba ya kilo tano.

Lakini tangu 1967 watu wamepima. Taasisi hiyohiyo ya Marekani ilipoboresha kanuni yake ya kunyanyua mizigo mwaka 1991, ilianzia kilo 23, na hizo ni kwa hali iliyo bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, usawa mzuri, hakuna kujipinda, na hunyanyui mara kwa mara. Hali ikiharibika, kilo zinapungua. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele yako badala ya 25, zile 23 zinakatwa nusu. Asiyeamini achukue ndoo ya maji aishike karibu na tumbo, kisha ainyooshee mkono mbele. Maji ni yaleyale. Sasa fikiria gunia lililo mwisho wa kitanda cha lori, ambalo lazima ulifuate kwa kunyoosha mikono yote miwili. Pale ndipo migongo yetu inapoishia. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu ghalani, hata kabla ya uzito, ningeweka jukwaa la usawa wa kitanda cha lori, mtu asogee hadi kwenye gunia badala ya kulivuta.

Ninachoomba si kikubwa. Naomba kazi nyepesi iandikwe, iwe na maana. Kila mwajiri mwenye watu wanaobeba mizigo awe na orodha ya shughuli ambazo mtu mwenye maumivu anaweza kuzifanya kwa muda, kwa saa zinazoongezeka kidogokidogo, na karatasi ya daktari ikifika iwe na mahali pa kutua. Malipo ya kipindi hicho yasikatwe kwenye kundi. Karatasi yenyewe nayo ibadilike: daktari aandike anaweza nini, kilo ngapi, kuinama mara ngapi, asiandike maneno mawili akaachia hapo. Na sisi vibarua wa siku tuhesabiwe, maana anayeitwa kila asubuhi getini akisema tu neno mgongo, kesho haitwi.

Fomu ya madai iondoe ulazima wa tarehe moja ya ajali. Mgongo huisha kama kamba, uzi mmoja mmoja. Ujerumani tangu mwaka 1993 inautambua ugonjwa wa diski za kiuno unaotokana na miaka mingi ya kubeba mizigo mizito kama ugonjwa wa kazi, kwa masharti magumu, lakini mlango upo. Wauguzi wanaoinua wagonjwa nao wangepita mlango huo. Huko mahospitalini hali si tofauti na yetu, ni magunia tu yanayoongea.

Kuna na moja dogo, lisilohitaji bunge. Muuguzi mmoja alinifundisha kwa dakika mbili dalili ambazo mtu wa mgongo hatakiwi kuzisubirisha hata usiku mmoja: ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, choo kumponyoka, mguu kulegea ghafla. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu imebanwa na kila saa ina thamani. Homa pamoja na maumivu, au kupungua uzito bila sababu, navyo visipuuzwe. Nimefanya kazi miaka yote hii na sijawahi kuona maneno hayo ukutani. Ukutani kwetu kuna bango moja tu, la mtu mwenye tabasamu anayenyanyua boksi kwa kukunja magoti. Boksi lake nadhani ni tupu. Bandikeni na hizo dalili pembeni yake.

Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliiweka haki ya mazingira salama na yenye afya kazini kuwa miongoni mwa haki za msingi kabisa, sawa na kutotumikishwa kwa nguvu. Nilipoisoma nilimwonyesha mwenzangu wa moja-mbili-haya. Akaniuliza, "Ina miguu? Inaweza kufika huku?" Nikamwambia nitauliza.

Basi nimeuliza. Ukitaka kuona badala ya kusoma, njoo siku yoyote bila kutangaza, uje saa kumi na mbili asubuhi wakati lori la kwanza linafungua turubai. Usisimame na wasimamizi. Simama nyuma, utazame watu wanavyoshuka baada ya gunia la mia. Utatujua kwa jinsi tunavyoshika ukingo wa lori.

Ningeongeza na habari ya malipo ya mazoezi ya viungo, ambayo mimi nimeyafanya kwa vipande kadiri nilivyojaliwa na yamenisaidia kuliko vidonge, lakini nimesimama hapa kabatini muda mrefu na mguu wa kushoto umeshaanza kufa ganzi. Nakwenda kujinyoosha sakafuni. Kesho niko zamu ya asubuhi.

Wako,
Mpakiaji mizigo