Tuambieni na walioanza kidato cha kwanza walikuwa wangapi

Ndugu Mhariri,

Kila Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka, magazeti hujaa asilimia. Shule hii ya kata imepanda, ile imeporomoka, mkuu wake anaitwa wilayani kujieleza. Naomba nafasi niseme jinsi asilimia hizo zinavyopotosha shule inapokuwa ndogo, maana shule za kutwa zenye watahiniwa ishirini au thelathini bado zipo nyingi vijijini.

Chukulia shule yenye watahiniwa 24. Hapo kila mtoto mmoja ana uzito wa asilimia 4 na ushee. Wawili wakiingia kwenye mtihani na homa, shule "imeshuka" kwa asilimia 8, na hakuna mwalimu aliyefundisha vibaya kuliko mwaka jana. Baraza la Mitihani lilikuwa likilijua hili: enzi za kutangaza shule bora lilitenga vituo vyenye watahiniwa pungufu ya 40. Januari 2023 likaacha kabisa kutangaza. Orodha hazikufa, zilihamia kwenye vikao na makundi ya WhatsApp, tena bila ule mstari wa 40.

Halafu kuna neno lenyewe, "kufaulu". A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na zinajumlishwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 33: daraja la nne, amefaulu. Mwenye D moja na F sita ana 34: sifuri. Kwa hiyo shule inaweza kujisifu kwa ufaulu wa asilimia 100 huku nusu ya watoto wakiwa na D mbilimbili. Anayetaka kuijua shule ahesabu daraja la kwanza hadi la tatu, yaani pointi 7 hadi 25. Huko ndiko kwa kawaida wanakotoka wa kidato cha tano.

Lakini jambo linaloziumiza shule ndogo kuliko yote halisemwi. Kwa mtaala ambao kidato cha nne wanatahiniwa nao sasa, masomo ya lazima ni saba: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Shule isiyo na mwalimu wa Fizikia, Kemia, Kilimo wala Uhasibu hufundisha hayo saba basi. Mtoto wake hana somo la kutupa. F ya Hisabati inaingia kwenye hesabu, apende asipende. Mwenye C sita na F ya Hisabati ana pointi 18 jumlisha 5, yaani 23, daraja la tatu. Mwenzake mwenye C zilezile sita na F ileile, ila amefanya somo la nane na kupata C, anaiacha F nje: pointi 21, daraja la pili. Uwezo ni uleule, ratiba ndiyo tofauti. Ndiyo maana ningekuwa na mwalimu mmoja tu wa kuomba, ningeomba wa somo la nane ambalo mtoto wa kawaida analimudu, kabla ya kuongeza kambi za usiku.

Kinyume chake pia hutokea. Unakuta GPA (wastani wa pointi za somo) ya Fizikia ni nzuri mno, wageni wanapiga makofi. Ukitazama safu ya waliofanya, ni wanne.

Sasa wako wapi waliobaki? Januari waliandikishwa 60, miaka minne baadaye wanafanya mtihani 31 (natoa mfano). Kuwapata hakuhitaji mtafiti. Chukua orodha ya kidato cha kwanza ya mwaka ule, na kila jina na namba yake ya PReM (namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani), kisha weka alama: amehama na uhamisho unaonekana kwenye mfumo, amekariri kidato cha pili baada ya mtihani wa Upimaji wa Kitaifa, amekatisha, hajulikani. Usisahau waliohamia na waliokariri kutoka mwaka wa juu, kwani wasipotolewa wanaziba mapengo na hesabu inaonekana nzima. Wasichana na wavulana uwaandike mbalimbali. Tangu Novemba 2021 aliyekatisha kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi, hivyo weka na safu ya "amerudi". Ikiwa tupu mwaka hadi mwaka, bodi ya shule ina cha kujadili.

Safu moja zaidi: mtoto analala wapi. Nyumbani, bweni, au geto. Wa geto, chumba cha kupanga karibu na shule, hujipikia mwenyewe, na unga ukiisha hurudi kwao kuufuata. Fungua rejista ya mahudhurio utaona: mapengo yao yamejipanga Ijumaa na Jumatatu. Sasa linganisha na ratiba. Kama vipindi viwili vya Hisabati vimewekwa Jumatatu asubuhi, dakika 80 zimepotea kila wiki kwa watoto walewale, na mwalimu wa somo ndiye atakayelaumiwa. Kuvihamishia Jumanne au Jumatano hakugharimu hata shilingi. Uji wa mchana nao ungesaidia, ingawa hapo wazazi wanaochanga mahindi wana mjadala wao.

Ombi langu kwako, Mhariri: mwandishi wako akiandika habari ya shule ndogo, atoe namba nne badala ya asilimia moja. Walioanza kidato cha kwanza, waliofanya mtihani, waliopata daraja la kwanza hadi la tatu, na katika kila kundi wasichana ni wangapi. Tatu za mwisho zipo kwenye ukurasa wa matokeo wa kituo husika. Ya kwanza, pamoja na wasichana wake, ipo kwenye daftari la uandikishaji, kabati la ofisi ya mkuu wa shule, na kuihesabu ni kazi ya nusu saa.

Mwalimu wa taaluma,
Singida