Maji ya malwa si maji yoyote tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wapika malwa wenzangu, yaani pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija, wa huku Busia, upande wa Uganda, na pia kamati za maji za vijiji vyetu. Tunabishana sana kuhusu wimbi la kununua na kimea cha nani kimeota vizuri. Lakini maji tunachota popote palipo karibu, kwa imani kwamba pombe itajisafisha yenyewe.

Haijisafishi. Kila mpika malwa anajua kazi inavyokwenda. Unga wa wimbi unakandwa na kufunikwa karibu wiki nzima hadi uchachuke, unakaangwa, unaanikwa, kisha unatiwa kwenye pipa pamoja na kimea na maji, na kuachwa siku tatu au nne utoe povu. Maji hayo ya pipa ni baridi, na baada ya hapo hakuna anayeirudisha pombe motoni. Yale ya moto tunayoongeza chunguni wateja wakiwa wameshika mirija yanaipasha tu, hayaichemshi. Uchachu wa unga unapunguza vijidudu kiasi, lakini si kinga ya kutegemea, na kileo cha malwa ni hafifu mno kuua vilivyobaki. Kilichokuwa kwenye jerikeni mteja anakifyonza.

Kwa hiyo mimi huanza na kisima cha pampu, lakini si kila kisima. Kipo chenye maji maangavu yanapotoka, ukiyaacha usiku kucha asubuhi yana rangi ya kutu. Hayo yana chuma, pengine kutoka ardhini, pengine kutoka kwenye mabomba yaliyoliwa na kutu. Yajaribu kwa chai ya rangi: ikigeuka nyeusi kuliko kawaida, ujue. Wimbi jekundu lina tanini kama majani ya chai, nayo hugeuka nyeusi ikikutana na chuma, ndiyo maana maji hayo huifanya malwa iwe nyeusi na yenye ladha ya msumari. Kama huna kisima kingine, yamimine kwenye chombo cha mdomo mpana, yakoroge yapate hewa, yaache kutu itue chini, kisha uchuje sehemu ya juu kwa kitambaa kizito. Angalia pia choo kilipo. Kisima kilicho karibu na choo kinaweza kuwa na naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi na kupenya ardhini, na hiyo haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, naitreti iliyobaki huzidi ukali.

Maji ya bomba la mjini ni salama, ila yana klorini, dawa ya kuua vijidudu, na klorini ikikutana na nafaka huleta harufu ya dawa ya hospitali. Yaache wazi usiku mmoja, au yachemshe na kuyapoza. Usimwagie kimea maji yanayotokota, nguvu yake itakufa. Maji ya mvua mimi nayapenda, hasa ya mvua ndefu za Machi hadi Mei, mradi maji ya kwanza yaachwe yaoshe mabati, kwa sababu yanashuka na vumbi na kinyesi cha ndege. Nayo nayachemsha. Wenzetu wa Tororo wenye vilima vya chokaa wasihangaishwe sana na ukoko mweupe kwenye birika. Unga wa malwa tayari ni mchachu, unaimudu chokaa.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Huku kwetu, kuanzia Tiira na maeneo jirani, watu wanachimba dhahabu. Mawe yanasagwa, yanaoshwa, na zebaki inatumika kuinasa dhahabu. Tope la kuoshea linatelemka mabondeni na kwenye vijito. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2019 ili kupunguza zebaki, lakini bado inatumika machimboni. Na nimeona kwa macho yangu wapika malwa wakijaza jerikeni kwenye kijito kilicho chini ya machimbo, kisha wakachemsha wakidhani wamemaliza. Moto unaua vijidudu. Kuchemsha si dawa ya zebaki, na sumu hiyo huharibu mishipa ya fahamu na figo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Kina mama wengi huonja malwa wakiwa wajawazito. Mama mwenzangu, maji ya chini ya machimbo usiyatie kwenye pipa lako hata yakiwa maangavu kama kioo.

Lakini nitakuwa sisemi haki nikiwalaumu wapishi peke yao. Katika kijiji kimoja cha huku kamati iliwakataza wapika pombe kuchota kisimani, kwamba jerikeni zao ni nyingi na wanawacheleweshea wengine. Ni kweli jerikeni ni nyingi. Pipa moja la lita 200 linahitaji jerikeni kumi za lita 20, bado kuosha vyombo na kuloweka wimbi la kimea. Ila aliyekatazwa kisimani hakuacha kupika, alishuka kijitoni, na malwa hiyo ilinywewa na majirani walewale waliomfukuza.

Viwanda vikubwa vya bia, cha Luzira kando ya Ziwa Victoria na cha Njeru kando ya mto Nile, havitii maji kwenye mtambo bila kuyapima na kuyasafisha. Sisi hatuna maabara. Tunachoweza kupata ni kisima kizuri na ruhusa ya kukitumia.

Ombi langu kwa wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, na kamati za maji: tupangieni saa zetu, alasiri baada ya foleni ya asubuhi kwisha au usiku kabla pampu haijafungwa, na mtutoze zaidi ya mtu wa maji ya kunywa, fedha hizo ziende kwenye matengenezo ya pampu. Na ofisi ya maji ya wilaya ipime visima na vijito vilivyo karibu na machimbo, kisha ibandike majibu hapo hapo panapochotwa maji, kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso.

Mama mpika malwa,
Busia, Uganda