Mkitupa namba za soko la simu, mtuambie na kilichohesabiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na nikirefusha mnivumilie maana hili jambo linanikereketa kweli. Kila robo ya mwaka mnaandika habari za soko la simu, kampuni fulani imeongoza, nyingine imeshuka, Android ina asilimia hivi na iPhone asilimia vile, halafu vijana wanaotengeneza apu wanazichukua hizo namba wanazibandika kwenye mipango yao ya biashara wanapeleka kwa wawekezaji. Mimi kazi yangu ndo hiyo, kutafiti soko kabla programu haijaandikwa hata mstari mmoja, na ninachowaomba ni hiki, kila mkichapisha namba mseme kimehesabiwa nini na nani kahesabu. Simu? Laini? Watu? Kurasa zilizofunguliwa? Hivyo ni vitu vinne tofauti kabisa, lakini kwenye habari zetu vyote vinaitwa "watumiaji".

Chukueni mwaka 2023. IDC, kampuni inayotafiti soko la simu, walitoa hesabu kwamba Apple wamepeleka sokoni simu milioni 234.6 na Samsung milioni 226.6, na ilikuwa mara ya kwanza tangu 2010 kampuni nyingine kukaa namba moja juu ya Samsung kwa mwaka mzima. Habari ikasambaa kila mahali, sawa, ni ya kweli. Sasa kijana anaisoma anasema basi dunia imehamia iPhone, natengeneza ya iPhone kwanza, wakati StatCounter, kampuni ya takwimu za intaneti, wao wanaonyesha Android iko karibu asilimia 70 ya dunia. Nani muongo hapo? Hakuna. IDC wanahesabu simu mpya zilizotoka kwa kampuni kwenda kwa wasambazaji na maduka ndani ya kipindi fulani, na wanalinganisha kampuni na kampuni, kwa hiyo Android yote imekatwa vipande, Samsung kivyake, Xiaomi kivyake, Oppo kivyake, Transsion wenye Tecno na Infinix na itel kivyao. StatCounter hawahesabu hata simu moja, wanahesabu kurasa za intaneti zilizofunguliwa kwenye tovuti zilizoweka kihesabio chao. Mtu anayeperuzi kutwa nzima anahesabiwa mara nyingi, na yule ambaye simu yake ni ya kupiga, kupokea na kutuma meseji hayupo kabisa kwenye hiyo asilimia, kwa macho ya hiyo hesabu ni kama hajazaliwa.

Na kuna hii ya kusema soko limeporomoka. Mwaka 2016 simu janja zilizopelekwa sokoni zilikaribia bilioni 1.5, kufika 2023 zikawa chini ya bilioni 1.2, basi vichwa vya habari vikaandika biashara ya simu inakufa. Watu hawajaacha simu jamani! Wanakaa nazo muda mrefu zaidi. Simu moja inauzwa mpya, inahesabiwa mara moja, halafu mwenyewe akipata nyingine ile ya zamani anampa mdogo wake, mdogo mtu naye anamwachia mama, au inauzwa kwa mtu mwingine kabisa, na safari yote hiyo haionekani kwenye ripoti za simu mpya. Lakini kwa mtu wa apu hilo ndo soko lenyewe, simu ya miaka mitano, betri imechoka, Android yake haipati tena toleo jipya, memori imejaa picha za harusi na za watoto. Ukitafiti soko kwa kuangalia simu mpya tu unatengeneza kitu cha watu wachache halafu unashangaa kwa nini wengi wanakipakua wanakifuta siku hiyo hiyo.

Laini nazo zina mambo yake. Laini za simu zinazofanya kazi duniani ni nyingi kuliko watu wote waliopo, na hii sio siri, GSMA, umoja wa kampuni za mitandao ya simu duniani, wenyewe wanatenganisha laini na watu kwenye ripoti zao, ila ikifika kwenye gazeti vinachanganywa. Mtu ana laini mbili tatu, moja ya bando, moja ya kupokelea hela, moja ya kazini. Na ndani ya ripoti hizo hizo za GSMA kuna namba ambayo mimi naiona kubwa kuliko habari zote za nani kaongoza, nayo haiandikwi: watu zaidi ya bilioni 3 wanaishi mahali ambapo mtandao wa intaneti wa simu unafika lakini hawautumii. Wasiofikiwa na mtandao kabisa ni milioni mia kadhaa tu. Yaani tatizo la minara limebaki dogo, kilichobaki ni bei ya simu, kutojua kuitumia, lugha isiyoeleweka, hofu ya kuibiwa hela, na kukosa kitu cha maana cha kufanya nayo. Hayo yote ni mambo ya watu wa apu na watafiti wa soko, hayatatuliwi na mnara mwingine.

Sasa nije kwenye namba za apu zenyewe maana hapo ndo pabaya zaidi. Ile alama ya "milioni 1+" mnayoiona Google Play, duka la apu za Android, ni idadi ya tangu apu imeanza, aliyepakua miaka minne iliyopita akafuta kesho yake bado yumo. Na takwimu za washindani, kwamba apu fulani inaingiza kiasi fulani kwa mwezi, nyingi zinatoka kwa kampuni zinazokadiria kwa hesabu zao, sio namba halisi za mwenye apu. Septemba 2021 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, SEC, iliishtaki App Annie, kampuni iliyokuwa maarufu sana kwenye hiyo kazi, pamoja na mmoja wa waanzilishi wake. Kampuni zenye apu zilikuwa zinawapa App Annie data zao za siri kwa ahadi kwamba zitachanganywa na kufichwa majina, wao wakazitumia kurekebisha makadirio waliyokuwa wanawauzia wawekezaji ili yakaribie ukweli. Kesi ikamalizwa kwa malipo ya zaidi ya dola milioni 10. Mwekezaji anafikiri ananunua utafiti kumbe kilichomo ndani ni siri ya mtu mwingine.

Na Facebook je? Mwaka 2013 walinunua Onavo, apu ya VPN, yaani intaneti ya simu yako inapitia kwao kwanza, mtu anaiweka akijua inamlinda, kumbe inawaonyesha wenye nayo anatumia apu gani zingine na kwa muda gani. Nyaraka zilizokuja kutoka hadharani baadaye zilionyesha walikuwa wanaifuatilia WhatsApp kwa njia hiyo, na 2014 wakatangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Apple wakailazimisha Onavo kuondoka kwenye duka lao Agosti 2018, na Januari 2019 ikafichuka kwamba kulikuwa na apu nyingine ya "utafiti" ambayo watu wa kuanzia miaka 13 walikuwa wanalipwa mpaka dola 20 kwa mwezi ili kila wanachofanya kwenye simu kionekane. Mhariri, huo nao unaitwa utafiti wa soko. Mimi nakataa. Kumsoma mtu bila yeye kuelewa unasoma nini ni kumpekua, na hela kidogo aliyopewa mtoto wa miaka 13 haigeuzi hilo kuwa halali.

Utafiti wa kweli upo na umefanya maajabu. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa wanasimamia majaribio wakaangalia watu wanafanya nini hasa, wakaona wanatumiana hela wenyewe kwa wenyewe, mambo ya mkopo hayo pembeni. Wakabadilisha huduma ikafuata watu, ikazinduliwa Machi 2007 kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na inafanya kazi hata kwenye kitochi. Hebu fikirieni wangeng'ang'ania mpango wao wa kwanza.

Nokia nao enzi zao walikuwa na watafiti wanaokwenda kukaa na watu. Ile 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi na batani zilizozibwa vumbi lisiingie, iliuza zaidi ya milioni 250. Baadaye walivyoona familia nzima inatumia simu moja wakatoa 1200 yenye vitabu vya namba zaidi ya kimoja, kila mtu na cha kwake. Hicho kitu huwezi kukipata kwa fomu ya maswali, nani ataandika kwenye fomu kwamba hataki shemeji aone namba zake?

Lakini Nokia hao hao ndo wanaoniuma. Tricia Wang, mtafiti aliyekuwa anawafanyia kazi China, ameeleza hadharani kwamba mwaka 2009 aliona watu wa kipato cha chini kule wako tayari kujinyima ili wapate simu janja, akawapelekea taarifa, wakamwambia watu wake mia moja ni sampuli ndogo mno, wao wana data za mamilioni. Data za mamilioni zilikuwa zinaeleza jana. Februari 2011 wakaiacha Symbian, mfumo uliokuwa unaendesha simu zao, wakaenda Windows Phone ya Microsoft, 2014 biashara ya simu ikawa ya Microsoft, mwaka uliofuata Microsoft wakafuta dola bilioni 7.6 vitabuni kama hasara. Simu zenyewe hazikuwa mbaya, watu walikuwa wanazisifia kamera, ila mtu anafungua duka la apu anakuta apu anayoitaka haipo, au ipo ya zamani. Watengenezaji hawaendi mahali hakuna watumiaji, na watumiaji hawaendi mahali hakuna apu.

Kwa hiyo nawaambia vijana, kabla ya ripoti kaeni na mtu. Usimuulize "ungependa apu ya hivi?", kila mtu atakujibu ndiyo, ni adabu tu. Muulize mara ya mwisho alivyopata hilo tatizo alifanyaje, alimpigia nani, alilipa nini. Halafu mpe simu YAKE, sio ya kwako mpya, aipakue mbele yako na wewe unyamaze. Nimekaa na mama mmoja, apu inapakuliwa, simu inasema nafasi haitoshi, akafungua picha akaanza kuzipitia moja moja, hii ya mjukuu hapana, hii ya marehemu hapana, mwisho akafuta apu nyingine ndo ya kwetu ikaingia. Ilivyofunguka tu, kabla haijamwambia hata inafanya kazi gani, ikaomba ruhusa ya kuona namba zake zote za simu. Akaniangalia. Akabonyeza kataa, ikajifunga. Hakuna ripoti ya asilimia inayoweza kukueleza yale macho, na tatizo lilirekebishwa wiki hiyo hiyo kwa kuondoa lile ombi mwanzoni.

Uzito wa apu nao ni utafiti tosha. Google waliwahi kutoa matokeo kwamba kila MB 6 zinazoongezeka kwenye apu zinapunguza wanaokamilisha kuipakua kwa asilimia 1 hivi. Tena Google Play Console, ukurasa wa mtengenezaji kusimamia apu yake, inakuonyesha bure simu za watumiaji wako zina memori kiasi gani, Android toleo gani, apu inaanguka kwenye simu gani, ila wengi hawafungui hata huo ukurasa. Na lile sharti la Google Play kwa akaunti mpya za mtu binafsi, kwamba lazima upate wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuachia apu, watu wanalilalamikia na wanaishia kununua wajaribu wasiowajua ambao wanapakua na kusahau. Mimi naona wanatupa bahati. Wapate watu 12 wenye lile tatizo kweli, wawapigie kila baada ya siku mbili, na hapo watajua mengi kuliko ripoti ya maelfu ya dola.

Mwisho nirudi kwenu wahariri. Mnaalikwa kwenye uzinduzi wa apu, mnapewa tisheti na karatasi yenye namba kubwa. Muulizeni mwenye apu hivi: kati ya walioipakua, ni wangapi bado wanaifungua siku ya 30 tangu waipakue? Akijibu kwa namba, iandikeni. Akianza kuzunguka, andikeni hivyo pia.

Msomaji wenu wa siku zote,
Mtafiti wa soko la simu na apu