Kabla hujalipia chumba Dar, jua kwanza unashukia wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wa huku Dodoma, Kongwa, Bahi, Mpwapwa, Kondoa mpaka Manyoni kule, hasa kina mama tunaoanza kwenda Dar kufuata mzigo. Tangu treni ya SGR ianze kufika hapa kwetu Julai 2024 haipiti wiki bila mtu kuja dukani kwangu kuniuliza, dada we ukienda Kariakoo unalalaga wapi? Nikimuuliza yeye ameona wapi ananionyesha simu, picha ya kitanda kimetandikwa vizuri na taulo limekunjwa mfano wa ndege, basi. Hajui hiyo hoteli ipo mtaa gani, hajui yeye mwenyewe atashukia wapi, ila advansi ameshatuma. Hilo ndo linaloniumiza mpaka nimekaa chini kuandika.

Mi nauza nguo za watoto hapa Majengo. Miaka yote nilikuwa naagiziwa na mtu na kila pisi anaweka cha juu, mwaka 2022 nikasema hapana, naenda mwenyewe. Sikuwahi kufika Dar. Nilichojua ni kwamba mabasi ya bara yanaishia Mbezi, stendi ya Magufuli, ile iliyofunguliwa Februari 2021 mabasi yakahama Ubungo. Kwa hiyo nikaingia kwenye simu nikaandika hoteli Mbezi, ikaja moja nzuri sana, bwawa la kuogelea, chai ndani ya bei, elfu 45 kwa usiku, nikatuma elfu 20 nikalala na amani yangu.

Kumbe Mbezi ziko mbili! Stendi ipo Mbezi Luis, barabara ya Morogoro. Hoteli niliyolipia ilikuwa Mbezi Beach, huko barabara ya Bagamoyo karibu na bahari, na katikati hapo kuna Goba nzima na milima yake. Nimetoka stendi ya Nanenane hapa Dodoma alfajiri, nimeshuka Mbezi Luis saa kumi jioni na begi na pesa ya mtaji nimeifunga kiunoni ndani ya khanga, namwonyesha kijana wa bajaji jina la hoteli anaangalia anaangalia ananiambia mama hii sio huku. Elfu 25. Sikuwa na namna. Tunafika giza limeshaingia, mapokezi naambiwa bei ni elfu 60 sababu ni wikiendi, nikawatolea meseji waliyoniandikia wenyewe elfu 45, dada wa pale akasema hiyo aliandika mwingine. Nililipa maana saa hizo ningeenda wapi, mji siujui, pesa za watu ziko kiunoni.

Na chumba kilikuwa kizuri, sisemi uongo, kisafi na upepo wa bahari unaingia. Mtu aliyekwenda kupumzika na familia angefurahi. Ila mi nilikwenda Kariakoo. Kesho yake nimeamka saa kumi na moja, daladala mbili, foleni ya Mwenge, nafika Kariakoo saa tatu na nusu jasho linanitiririka, mzigo mzuri wanunuzi wa Zambia na Congo wameshauchambua, na saa kumi inabidi nianze kurudi maana na mizigo kwenye daladala usiku sithubutu. Siku tatu hivyo hivyo. Nilivyopiga hesabu ya bajaji, daladala na ile nyongeza ya chumba nikakuta imeondoka hela ya dazeni mbili za magauni, ile ndo ilikuwa faida yangu yote ya safari.

Ndo maana nawaambia watu, ukitaka kwenda Dar kwa mara ya kwanza hoteli iwe swali la tatu. Swali la kwanza unashukia wapi, la pili shughuli yako iko wapi. Anayekuja na basi anashukia Mbezi Luis, kilomita 20 na kitu kutoka mjini. Anayekuja na treni anashukia stesheni ya Magufuli, hiyo ipo katikati ya jiji kabisa upande wa Gerezani, bodaboda mpaka Kariakoo ni dakika chache. Mtu huyo huyo, shughuli hiyo hiyo, ila kwa basi akiingia jioni ni heri alale karibu na stendi usiku mmoja aingie mjini asubuhi kuliko kuhangaika gizani, na kwa treni hana sababu ya kulala Mbezi yoyote ile. Nauli ya treni daraja la kawaida ilianza na 31,000 na safari haifiki hata nusu siku, kwa hiyo wengi watakwenda na treni, na wengi hao hawajawahi kulala Dar hata siku moja.

Mwenye rufaa ya Muhimbili naye ndo namhurumia zaidi, maana ana mgonjwa. Muhimbili ipo Upanga. Tafuta Upanga hapo hapo au upande wa Faya na Kariakoo, hata kama chumba ni kidogo na kimezidi elfu kumi, kuliko kulala ng'ambo ya Jangwani kwa sababu ya bei. Masika, Machi mpaka Mei, maji ya mto Msimbazi yakijaa pale Jangwani barabara ya Morogoro inafungwa na mtu wa Magomeni anabaki anaiangalia Kariakoo kwa macho. Sasa we una kliniki saa mbili asubuhi na bibi hawezi kutembea utafanyaje?

Safari yangu ya pili nilikwenda na treni na sikulipa hata mia kabla ya kufika. Nilikuwa na majina matatu ya loji za Kariakoo niliyopewa na mama mmoja tunayenunua naye, ya kwanza imejaa, ya pili nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Mapokezi pana meza ndogo, kitabu cha wageni na kalamu imefungwa kamba, jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, na ukutani wameandika bei kwa maka: singo 35,000, dabo 45,000, kutoka saa 4 asubuhi. Nikamwambia mhudumu, mama yangu naomba nikione kwanza. Hakununa. Akanifungulia cha mbele, nikafungua bomba maji yakatoka, nikawasha feni, nikafunga mlango kwa ndani nikauvuta, komeo liko imara. Nataka kusema sawa akanishika mkono akaniambia mwanangu hiki kinatazama barabara, mikokoteni inaanza kupita saa kumi usiku hutalala, chukua cha nyuma. Cha nyuma kilikuwa kidogo na dirisha linatazama ukuta ila lina wavu mzima, na nililala mpaka adhana. Asubuhi natoka mlangoni niko sokoni. Mzigo naununua naupandisha chumbani, nashuka tena. Siku mbili nimemaliza kazi ya siku tatu.

Huo wavu wa dirishani msiuone kitu kidogo jamani. Sisi huku tupo juu mita 1,100 na zaidi, ukavu wetu na baridi ya Juni na Julai tumeizoea, kule ni joto la unyevunyevu usiku kucha, utataka dirisha wazi. Na mbu wa dengi anauma mchana, mwaka 2019 Dar waliugua wengi, kwa hiyo neti ya kitandani peke yake haitoshi. Feni nzuri na wavu mzima mi naona ni bora kuliko AC inayosimama umeme ukikatika. Halafu ulizia mapema kama ukitoka saa nne begi litabaki mapokezi, maana treni yako inaweza kuwa ya jioni na hutaki kuzunguka Kariakoo na mzigo mgongoni.

Kuhusu advansi, kama ni lazima utume basi angalia jina linalokuja kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Likija jina la mtu na sio la hoteli, acha kwanza, piga simu uliza. Na bei mliyokubaliana waandike kwenye meseji pamoja na tarehe zenyewe na neno wikiendi liwemo, mi lilinigharimu elfu 15 kwa kila usiku niliolala.

Sasa Mhariri, nisiwaseme wa Dar tu, maana na sisi hapa Dodoma tumeanza hayo hayo. Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka Juni vyumba vinajaa na bei inapanda bila kuandikwa popote, mgeni anaambiwa tu mapokezi. Kuna mzee alikaa kwenye benchi langu ametoka Iramba kufuatilia mafao yake, amelala Nkuhungu sababu ameambiwa ni Dodoma mjini, na wizara anayoitaka ipo Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka mjini na ni upande mwingine kabisa wa jiji. Alikuwa amebakiza elfu nane. Mzee wa watu ananiuliza, mwanangu kwani mjini ndo wapi?

Naomba wenye loji na hoteli wa hapa jijini kwetu waandike kwenye matangazo yao mtaa wanaokaa na kilomita mpaka stendi ya Nanenane, mpaka stesheni ya treni, mpaka Mtumba na mpaka Bunge. Ni mistari minne tu. Na bei waibandike ukutani, ya siku za Bunge na ya siku za kawaida. Halmashauri ya jiji ikitaka inaweza kuwaambia hivyo siku wanayokuja kulipia leseni.

Mfanyabiashara wa nguo za watoto,
Majengo, Dodoma